Reli Nyembamba ya Oldeani

Valeriani Qamara alikuwa ameshavuka miaka thelathini alipopewa kazi ambayo hakuna mtu wa Oldeani aliyeielewa. Watu wa laini, zile nyumba za vibarua wa shamba la kahawa, walimsikia meneja akiita kazi hiyo kwa Kizungu "kit", masikio yao yakasikia "kiti", wakaamini fundi wao anamtengenezea Mzungu viti. Miezi ikapita, na kiti hata kimoja hakikutoka kwenye stoo alimofanyia kazi. Wakaanza kumcheka kisimani. "Fundi gani huyu? Mwaka unaisha hajamaliza hata kigoda!"

Alikuwa akitengeneza garimoshi, tena si la kupanda mtu. Lilikuwa garimoshi la kukaa juu ya meza, dogo kama panya wa shambani, lililokatwa vipandevipande na kulazwa ndani ya sanduku la karatasi, ili mnunuzi huko aliko aviunganishe mwenyewe kwa gundi; hiyo ndiyo "kit". Kwa nini mtu mzima anunue kitu kilichovunjwa? Antonia, mkewe, aliuliza hivyo siku ya kwanza. Valeriani akamjibu kwamba hata yeye hajui, ila meneja anajua.

Meneja huyo alikuwa Mswisi, jina lake Hurni, na vibarua wakamwita Huruni. Shamba halikuwa lake. Mwenyewe alikaa Nairobi na alikuja mara chache kuangalia mibuni. Huruni alikuwa mrefu, mkimya, mkewe ameshamwacha na kurudi kwao. Alikulia kijiji cha milimani ambako treni ndogo, yenye reli nyembamba kuliko za treni kubwa, ilipanda ikipita nyuma ya nyumba yao. Jioni alikaa barazani akiangalia ukungu ukishuka kutoka msitu wa Ngorongoro, na anayempitia alimwona akichora magurudumu.

Mwaka 1959 Valeriani alikuwa akikarabati vichanja vya kuanikia kahawa, mguu wake wa kushoto ukiburuta kama kawaida. Huruni alimwuliza alivunjikia wapi.

"Tanga, Bwana. Nilikwenda kukata mkonge, nikiwa manamba, kibarua wa mkataba. Toroli lilitoka kwenye reli likaniangukia."

Huruni aliweka kikombe chake chini. "Reli ya mkonge? Ile nyembamba? Kichwa chake kilikuwaje?"

Valeriani alisubiri aulizwe habari ya mguu. Hakuulizwa. Basi akaeleza habari ya kichwa cha treni: boila fupi nene ya kuchemshia maji, bomba la moshi refu kama shingo ya mbuni, kuni zimepangwa nyuma, na dereva amesimama juani kwa kuwa paa lilikwisha kuoza. Alichora kwa kijiti kwenye udongo. Huruni akachuchumaa pembeni yake, macho yanang'aa kama ya mtu aliyepata habari za nyumbani.

Duka moja la Nairobi lilikuwa limemwambia Huruni kwamba likipata kitu kipya litakipokea. Treni kubwa za Ulaya zilikuwa zimejaa madukani. Treni ndogo ya mkonge hakuna aliyewahi kuitengeneza. Huruni alikuwa na mpango wake: mauzo yatakapochanganya, ataacha kahawa za watu na kurudi kwao. Valeriani alipewa stoo nyuma ya kiwanda cha kumenyea kahawa, meza, tupa, misumeno midogo na jiko la mkaa. Alipewa pia nyumba ya mawe mwisho wa laini, yenye vyumba viwili na bati zima. Antonia aliyesugua sakafu ya udongo miaka yote hiyo aliingia akagusa ukuta kwa kiganja.

"Tukae hapa hadi Leonida akue," alisema. Leonida alikuwa binti yao, bado ananyonya.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu, na Valeriani aliipenda kuliko alivyotarajia. Kwanza alichonga kila kipande kwa mti wa loliondo, mgumu, usiochanika. Kisha walibonyeza kipande ndani ya plasta laini, ikikauka wanakitoa, na kile kishimo kinabaki kuwa kalibu. Ndani ya kalibu walimimina risasi iliyoyeyushwa pamoja na bati. Ikipoa, boila inatoka ikimetameta. Lakini risasi ikipoa hunywea. Nusu mbili za boila zilikataa kukutana, zikabaki na ufa wa kupitisha ukucha. Valeriani akachonga upya, kubwa kidogo. Zikazidi. Akachonga tena. Ilipofika siku nusu hizo zilipofungamana kwa sauti ndogo ya "tik", yeye na Huruni walitazamana wakacheka kama watoto, na Huruni akamwaga kahawa yake mwenyewe katika kikombe cha fundi.

Walimjaribu karani wa shamba, Piusi, kijana aliyesoma na mwenye kujivunia kalamu mbili mfukoni. Walimpa sanduku na picha tu, bila maneno, waone kama mtu asiyejua treni ataweza kuliunga. Piusi alikunja mikono ya shati, akafanya kazi kwa makini sana, akatoa garimoshi lenye bomba la moshi tumboni.

"Linapumulia chini," alisema akijitetea. "Mimi nilidhani ni jipya."

Walicheka, lakini wakajifunza. Kuanzia hapo Valeriani aliwekea kila kipande kijino kidogo kinachoingia kwenye tundu lake tu na si lingine. Hata anayeunga gizani asikosee.

Mambo yalianza kubadilika pale tupa mbili zilipopotea stoo. Baada ya wiki kipande cha bati la shaba, kilichoagizwa kutoka mbali, kilionekana kwenye nyumba za laini kimeziba tundu la sufuria. Huruni hakugomba. Alinunua kufuli kubwa.

Asubuhi iliyofuata Valeriani aliingia stoo, akaketi, akasikia mnyororo ukipita nyuma ya mlango. Akainuka.

"Bwana?"

"Si wewe, Valeriani," sauti ya Huruni ilisema kutoka nje. "Ni wao. Nafunga wasiingie."

"Lakini kufuli liko nje, Bwana."

"Ndiyo."

Alisubiri neno lingine. Akasikia viatu vikiondoka juu ya kokoto.

Tangu siku ile alifungiwa kila asubuhi meneja alipokwenda kukagua mashamba, na kufunguliwa aliporudi. Siku nyingine alirudi mchana, siku nyingine jua likiwa limezama. Kulikuwa na debe pembeni kwa haja ndogo. Dirisha lilikuwa moja, la kioo, lenye nondo kwa nje. Antonia alimletea chakula na kukipitisha katikati ya nondo, vipande vya ugali vikubwa vikigawanywa ili vipite. Mara ya kwanza alilia. Valeriani alimwambia asilie, watu wanaona.

"Waone," Antonia alisema. "Mimi nimeolewa na fundi, au nimeolewa na mahabusu?"

"Nyumba ni ya shamba, Mama Leonida. Nikigoma leo, kesho tunalala wapi?"

"Kwa kaka yako."

Kaka yake, Naftali, alilima shamba la marehemu baba yao kule Rhotia. Mtelemko wake ni mkali, na Naftali alikuwa amekwisha kusema, bila ubaya, kwamba ardhi inamsubiri mwenye miguu miwili. Valeriani alilijua hilo na Antonia alilijua. Akala ugali wake akiwa amesimama dirishani.

Alimwomba meneja aweke komeo kwa ndani badala ya kufuli la nje. Huruni akasema akiweka komeo, fundi atatoka kidogo kunyoosha mguu na kuacha wazi, na tupa zitakwenda tena. Alisema kwa upole. Upole huo ndio uliomfunga Valeriani ulimi. Mtu anayekutukana unaweza kumjibu. Anayekumiminia kahawa kikombeni na kisha kukufungia, utamwanzia wapi?

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia hata mkewe. Mlango ukishafungwa, baada ya kukasirika, mikono yake ilikwenda yenyewe kwenye kazi. Alikuwa akitengeneza kwa mapenzi treni ya reli ile ile iliyomvunja mguu. Siku nyingine alisahau kama amefungiwa, na siku hizo ndizo alizojichukia zaidi.

Mwaka 1961 mvua za vuli hazikuja kama vuli. Zilikuja kama zimefunguliwa bomba. Mbegu zilioza ardhini, makorongo yaliyokuwa yakivukwa kwa mguu yakawa mito, na lori la kahawa lilizama tope hadi mlangoni. Watu walikuwa wakijiandaa kwa Uhuru, mwezi wa kumi na mbili, na wazee wakasema hii ni baraka. Wengine wakasema baraka gani inayobeba ng'ombe.

Duka la Nairobi lilikuwa linasubiri masanduku ya kwanza kabla ya Krismasi. Plasta ikawaishia. Siku moja asubuhi Huruni alipakia gari lake aende Karatu kuitafuta, na Valeriani akamkuta mlangoni mwa stoo.

"Leo usifunge, Bwana. Barabara ni mbaya. Ukikwama je?"

"Nitarudi mchana," Huruni alisema. "Zimebaki boila chache tu. Mimina zote, tumalize."

Mnyororo ukapita.

Valeriani aliwasha jiko, akaweka kikaango cha risasi. Mvua ikaanza tena, safari hii na upepo, ukiirusha ndani kupitia dirisha. Kila fundi wa risasi anajua adui wa kazi yake ni maji: tone moja likiingia kwenye kalibu, risasi ya moto hulipuka na kumrukia usoni. Akafunga dirisha. Maji yakapenya chini ya mlango. Akaziba upenyo kwa gunia. Kazi ikaendelea. Alimimina, akangoja, akafungua kalibu, akapanga boila moja moja juu ya meza. Zilikuwa safi kuliko zote alizowahi kutoa.

Kichwa kilianza kumgonga. Alidhani ni njaa. Kisha miguu yote miwili, mbovu na mzima, ikawa haina tofauti, kama si yake. Hapo ndipo alipokumbuka mkaa. Watu wa nyanda za baridi wanaijua hewa ya mkaa, haina harufu wala rangi, na imeondoka na familia nzima zilizolala na jiko ndani. Akaliendea dirisha, akaanguka kabla ya kulifikia. Akatambaa kwenda mlangoni kwa kuwa mlango ulikuwa karibu, akapiga kwa ngumi, akapiga kwa nyundo. Juu ya bati mvua ilikuwa ikinguruma. Hata yeye mwenyewe hakuisikia nyundo yake.

Alichofikiria, alieleza baadaye, hakikuwa kifo. Alifikiria kwamba mlango ule ulifunguka kwa nje, na bawaba zake alizipiga yeye mwenyewe, mwaka aliokuja shambani, na alizipiga vizuri.

Antonia alikuja na chakula kikiwa kimefunikwa kwa jani la mgomba. Alikuta dirisha limefungwa. Aligonga kioo. Akafuta maji kwa kanga, akachungulia, akaona unyayo wa mumewe sakafuni, umelala vibaya.

Alimwita Mungu kwa Kimbulu, lugha ya kwao, kwa sauti iliyofika hadi kiwandani. Piusi karani akatoka mbio na gunia kichwani.

"Vunja!" Antonia alimwambia.

Piusi aliliangalia kufuli. "Mama Leonida, hili ni la meneja. Tukilivunja, mimi ndiye nitakayeulizwa…"

"Basi kaa hapo uulizwe."

Aliokota jiwe, akavunja kioo katikati ya nondo ili hewa iingie. Kisha akakimbilia rundo la kuni la kiwandani akarudi na shoka. Hakupiga kufuli, alipiga ubao pale mnyororo uliposhikizwa. Alipiga mara nyingi, mvua ikimwagikia machoni. Piusi alimtazama akipiga, halafu akatupa gunia lake, akashika mnyororo kwa mikono miwili na kuvuta kila shoka linapoingia. Ubao ukaachia. Wakamburuta Valeriani nje hadi kwenye tope, uso wake umegeuka rangi ya udongo mwekundu, mvua ikamnyeshea mdomoni.

Alikohoa. Akatapika. Akafungua macho akasema kitu ambacho Piusi hakukisikia vizuri, na Antonia hakutaka kukirudia mbele za watu.

Huruni alikuwa amekwama ng'ambo ya korongo. Aliliacha gari usiku, akafika kesho yake kwa miguu, tope hadi kiunoni, kifurushi cha plasta kimelowa na kuganda begani kama jiwe. Alipitia stoo, akaona mlango. Akaja moja kwa moja kwenye nyumba ya mawe. Valeriani alikuwa kitandani, kichwa bado kizito. Huruni aliinama kupita mlangoni, akaketi juu ya kigoda, akamwangalia fundi.

"Boila," alisema. "Zilitoka?"

Antonia alikuwa ameshika kikombe cha maziwa. Alikiweka chini taratibu.

"Zimetoka, Bwana," alisema yeye, si mumewe. "Ziko mezani. Nzuri sana. Mume wangu naye ametoka. Umeshamwona huyo?"

Uso wa Huruni ukawa mwekundu, kisha mweupe. Inaelekea ndipo aliposikia alichokisema. Alijaribu kuinuka, akaketi tena, akaficha macho kwa mkono wenye tope. "Nilitembea usiku kucha nikijua ufunguo uko mfukoni mwangu," alisema. "Usiku kucha. Halafu nafika, nasema hivi." Akautoa ufunguo akauweka juu ya kitanda. Hakuna aliyeugusa. Alipoondoka ulibaki pale, Leonida akauchezea.

Antonia alitaka waondoke wiki ile ile. Lakini barabara zilikuwa zimekatika, Rhotia haifikiki, na Valeriani hakuweza kutembea hadi kisimani. Mwishowe alirudi stoo. Hapakuwa na kufuli tena. Mlango uliachwa umeegemea ukuta. Alipoketi tu mezani, mwili wake ulikataa. Jasho, moyo kama ngoma, pumzi fupi. Akatoka nje. Akajaribu tena siku ya pili, ikawa vile vile. Basi meza ikahamishiwa chini ya upenu wa kiwanda, kwenye ukungu na baridi, na hapo ndipo masanduku ya kwanza yalipomalizika, siku chache baada ya bendera mpya kupandishwa. Kumimina risasi alifanya Huruni mwenyewe. Mkaa Valeriani hakuusogelea.

Masanduku yalikwenda Nairobi. Duka liliyachukua, likaomba mengine, kisha likanyamaza. Mwaka 1963 mwenye shamba aliuza. Huruni aliondoka na sanduku moja la nguo na sanduku moja la zile kalibu. Alimwambia Valeriani akipata pa kuanzia huko kwao atamwita. Labda alimaanisha. Meneja mpya alihitaji nyumba ya mawe kwa dereva wake.

Familia ikashukia Karatu mjini. Haji Omary, mwenye duka la vitambaa na sukari, alimpa Valeriani nafasi ya kutengeneza vitanda na milango. Alimwonyesha chumba kizuri nyuma ya duka, kisichopitwa na upepo.

"Hapa vumbi haliingii, fundi. Utakaa kwa raha."

Valeriani alisimama kizingitini. "Nashukuru, Haji. Nipe barazani."

"Barazani? Na kipupwe hiki?"

"Nipe barazani."

Haji Omary alikuwa mtu wa kuuliza kila kitu, lakini aliutazama ule mkono ulioshika mwimo wa mlango akaacha kuuliza. Valeriani alikaa barazani miaka mingi, vumbi la magari ya watalii wanaokwenda Kreta ya Ngorongoro likimpaka mweupe kama aliyemwagiwa unga. Asubuhi za Julai vidole viligoma kukunjika, akavipuliza, akaendelea. Wateja walimwona mtu huru anayefanya kazi hadharani. Antonia peke yake alijua kwamba hakuchagua kukaa pale.

Safari moja alijaribu tena. Aliokota kipande cha loliondo akaanza kuchonga toroli la mkonge, lile lenyewe, la chuma na vigogo, sanduku jipya ambalo Huruni hakuwahi kulifikiria. Vipande vikatoka, kila kimoja na kijino chake. Vilibaki vya risasi: magurudumu na ekseli. Haji Omary alimwazima jiko, likawashwa pale pale barazani, hewa tele pande zote. Valeriani aliutazama mkaa ukianza kuiva, akasimama, akavuka barabara, akakaa upande wa pili hadi ulipozima. Vile vipande vya mti aliviweka kwenye mfuko wa sukari. Hakuna ajuaye viliishia wapi.

Naftali alipofariki, mwaka 1967, shamba la Rhotia likawa la Valeriani. Antonia ndiye aliyelima. Yeye alikaa kwenye tuta akichonga mipini na kutengeneza madawati ya kigango, kanisa dogo la kijiji, na majirani wakamzoea. Mwaka ule maharage yalikubali. Jioni moja wakiyapepeta pamoja uani, Antonia alimwuliza jambo ambalo hakuwahi kuuliza.

"Baba Leonida, yule Mzungu unamchukia?"

Valeriani alichagua kokoto kutoka kwenye ungo, akazitupa.

"Zile boila za siku ile," alisema. "Uliziona? Hazikuwa na ufa hata mmoja. Sijawahi kufanya kazi nzuri namna ile, mke wangu, wala sitaifanya tena. Hilo ndilo linaloniuma."

Antonia alimsogezea ungo mwingine, na wakaendelea kupepeta wakati jua lilipokuwa bado juu ya mlima.